Njia Iliyopimwa kwa Beseni

"Ghorofa? Utaipitisha wapi?" Mzee Bukuru aliniuliza hivyo nikiwa na miaka kumi, nimesimama uani kwake na dumu la maji mkononi, na vijana wa kinu cha mawese wakacheka mpaka mmoja wao akakaa chini. Nilikuwa nimejigamba mbele yao kwamba nikiwa mkubwa nitajenga nyumba ya ghorofa, pale pale nyuma ya ua wake. Hakuwa peke yake aliyenicheka. Mtaani walisema sitaweza shule, kwa sababu nilitoka kambi ya wakimbizi Tanzania na Kifaransa changu kilikuwa cha kuokoteza. Walisema mtoto wa mvuvi wa kuajiriwa hapati diploma, na akiipata ataiuza. Leo diploma yangu ya ujenzi imetundikwa sebuleni, ndani ya fremu ya kioo, na sebule hiyo ina chumba juu yake na chumba kingine juu ya ukumbi, na ngazi za zege nilizozimimina mimi mwenyewe bila kumwita fundi hata mmoja. Ni ghorofa ya kwanza katika mtaa wetu. Nayasema haya bila kuona haya, maana hakuna aliyenisaidia kuyapata. Ndivyo nilivyokuwa nikisema kwa miaka mingi, na ilinichosha kuyasema kabla sijagundua kwamba si kweli.

Mtaa wetu uko pembezoni mwa Rumonge, upande wa kusini, mahali ambapo mji unachoka na michikichi inaanza. Kwenye karatasi za komine, yaani halmashauri, una jina, lakini watu waliuita Nyuma ya Kinu. Kinu chenyewe kilikuwa cha mkono: pipa la chuma, skrubu katikati, na boriti ndefu ambayo vijana wanne waliisukuma wakizunguka tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Kililia sauti moja, kama mlango mzito unaofunguliwa bila kufika mwisho, na harufu ya chikichi zilizochemshwa iliingia katika nguo, nywele na ugali. Upepo ukigeuka kutoka ziwani ililetwa harufu nyingine, ya ndagala waliotandazwa juani. Kwa harufu hizo mbili, mtu aliyefumba macho aliweza kujua ni saa ngapi. Asubuhi ilikuwa ya samaki, na alasiri ilikuwa ya mafuta.

Tulifika msimu wa mvua za kwanza, juu ya lori, na mabati, mablanketi, sufuria mbili na baba, mama na mimi. Mama alikuwa mjamzito, ingawa mimi sikuambiwa. Kiwanja kilikuwa cha babu yangu, na ajabu ni kwamba hakuna aliyekuwa amekichukua. Baada ya siku mbili tulielewa sababu. Hakikuwa na njia. Juu yake palikuwa na shamba la kinu, limezungushiwa uzio mpaka kwenye barabara ya lami, na mwenye kinu alikuwa mtu wa Bujumbura ambaye hatukuwahi kumwona. Kaskazini palikuwa na korongo, na mvua ikinyesha korongo hilo lilibeba mawe na migomba. Kusini palikuwa na kinamasi. Njia pekee ya kwenda bombani, shuleni, sokoni na popote pengine ilikuwa kuteremka chini kuelekea mtaa wa ziwani, na kati yetu na mtaa huo palikuwa na nyua tatu za watu. Baba alikaa wiki moja, akaezeka mabati juu ya nguzo, kisha akaenda Kabonga kuvuta nyavu za watu wengine ili tule. Tulibaki wawili. Watu walisema hatutamaliza mvua ile. "Hawa ba Tanzania," nilimsikia mwanamke mmoja bombani, "bamejenga ndani ya chupa."

Sasa lazima nieleze desturi moja, kwa sababu sijaikuta kwingine, na nimejenga kuanzia Kabezi mpaka Nyanza-Lac. Katika mtaa wetu njia ilikuwa inaazimwa. Haikuuzwa wala haikutolewa. Mtu aliyekuwa nyuma alimwendea aliye mbele, akaomba kupita. Maombi yalianzia barabarani, ua wa kwanza kisha wa pili, ili kila mwenye ua amkute mwenzake ameshakubali na aone aibu kuwa wa mwisho kukataa. Aliyekubali hakupokea kitu. Aliyeazimwa alikuwa na wajibu mmoja tu, naye ni kuifagia njia kila Jumamosi, katika kila ua alimopita. Siku ambayo wewe umepata njia yako, na mwenye ua akaihitaji, deni hilo linalipwa kwa njia, na kwa kitu kingine halilipiki. Na aliyekuazima hakuja kukudai. Hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko yote. Kudai njia kulikuwa fedheha, kama kumkumbusha mtu kwamba ulimnyonyeshea mtoto.

Mama aliambiwa haya yote na Baba Asukulu, mwenye ua wa kwanza, ule uliokuwa karibu na ziwa. Alikuwa mvuvi Mbembe aliyevuka kutoka Kongo miaka mingi kabla, mtu mfupi mwenye kicheko kirefu, na nyavu zake zilianikwa kila mahali kiasi kwamba ua wake ulionekana umevaa nguo. Mama alipoanza kumbembeleza, alimkatiza. "Mama, usilie. Sisi wote hapa tulikuya na miguu. Nani alizaliwa na njia? Pita. Lakini nyavu zangu usizikanyage, zile ni bibi yangu wa pili." Mke wake, aliyekuwa akichambua ndagala, akasema bila kuinua kichwa, "Wa kwanza. Mimi ndiye wa pili."

Ua uliofuata ulikuwa wa Bibi Mwamini, mjane wa Kiislamu ambaye babu zake waliletwa huku zamani za Wajerumani, wakabaki. Alifuga bata na kushona vitambaa vya meza. Kwake ndiko njia ilikopimwa. Alimtuma mama bombani arudi na beseni la maji limejaa mpaka ukingoni, kichwani, bila mkono. Mama alirudi akitembea kwa haraka, viwiko amevibana mbavuni, ili achukue nafasi ndogo. Alikuwa anaona haya. Bibi Mwamini alimsimamisha. "Rudi. Anza tena. Tanua viwiko, mwanangu, usijikunje kama mwizi. Njia inapimwa kwa mtu aliyechoka, haipimwi kwa mwenye haraka." Mama akarudi, akaja tena polepole, viwiko nje, tumbo mbele, na maji yakawa yanadondoka kushoto na kulia kwenye vumbi. Bibi Mwamini akamfuata nyuma na kijiti, akichora mistari miwili juu ya matone. Bata walitembea nyuma yake kwa mstari. Ule ndio ulikuwa upana wetu: beseni moja na viwiko viwili. Nimesoma vipimo vingi tangu siku ile, kwa mita na kwa sentimita, na nimefaulu mitihani yake yote, lakini sijaona fundi aliyechora mstari kwa uhakika kama yule mwanamke.

Akabaki Mzee Bukuru, ambaye ua wake uligusana na kiwanja chetu. Alikuwa Mrundi wa milimani aliyeteremka kufanya kazi ya kinu, mrefu, mkavu, mwenye panga kiunoni hata siku ya misa. Alipenda mipaka. Ua wake ulizungukwa na minyaa, ile miti ya vidole vya kijani ambayo kwa Kirundi tunaiita imiyenzi, na kila mmoja ulikuwa umekatwa sawasawa na mwenzake. Aliposikia kwamba wawili wamekubali, aliizunguka minyaa yake yote. Kisha akamwambia mama, "Njia iko ya miguu tu. Kitu cha tairi hakipiti. Ng'ombe hapiti. Na mutoto wako asichume mapapai yangu." Mama akasema murakoze, tena na tena. Hapo ndipo mimi, kwa hasira ya kuona mama yangu akishukuru hivyo, nilipotamka habari ya ghorofa, na yeye akaniuliza nitaipitisha wapi. Kesho yake alipanda minyaa mipya pande zote mbili za mstari wa mama, juu ya matone yenyewe, ili tusije tukajipanua hata kidogo. Vipandikizi vile vilikuwa virefu kuliko mimi. Tulipita katikati yake kama kwenye korido.

Msimu ule ndio mtaa ninaoukumbuka nikiambiwa neno mtaa. Sitaki kuupamba. Choo tulichangia na Bibi Mwamini kwa miezi mitatu, na choo cha kuchangia kinafundisha adabu lakini hakifurahishi. Matope yalifika kwenye vifundo vya miguu. Hakuna siri iliyolala siku mbili. Nikichapwa shuleni, mama alijua kabla sijafika, kwa sababu nilipaswa kupita nyua tatu na kila ua ulikuwa na mdomo. Lakini nilijua pia nani ana homa, maana nilipita karibu na mlango wake na kusikia kikohozi. Nilijua kwa Baba Asukulu wamevua au wamekosa, kwa kuangalia kama mke wake anaimba. Kila asubuhi nilisema amahoro mara moja, shikamoo mara moja, na salamu moja ya Kibembe ambayo Baba Asukulu alinifundisha kwa makusudi vibaya, mpaka mke wake aliponirekebisha huku akimfukuza kwa kandambili. Jumamosi mama alinipa ufagio wa njukuti za mchikichi, nikaanza kwa Bukuru nikashuka mpaka ziwani. Kwa Bukuru nilifagia nikiwa nimenuna. Alisimama na kikombe chake cha uji, akionyesha kwa kidole. "Hapo. Umeacha jani." Wahenga walisema heri jirani karibu kuliko ndugu mbali, na nadhani aliyesema hivyo alikuwa na jirani kama Bukuru, wa kukuonyesha jani.

Katikati ya mvua, siku moja baada ya saa sita mchana, mama aliinama juu ya jiko na hakuinuka. Alinishika mkono akaniambia nimwite Bibi Mwamini. Bibi alikuja, akamtazama, akaniambia nikimbie nimwite Mzee Bukuru kinuni, na nisirudi bila yeye. Nilimkuta anasukuma boriti. Akaiachia boriti pale pale. Bukuru alikuwa mmoja wa wabebaji wa wagonjwa, na machela yao ya matete, ingobyi, ilining'inia chini ya paa lake. Alikuja na Baba Asukulu na vijana wawili wa kinu, miongoni mwao yule aliyenicheka mpaka akakaa chini. Waliipandisha ingobyi kwetu ikiwa tupu, wameilaza ubavu, ikapita. Walimlaza mama, wakamfunika turubai, wakaibeba mabegani, wanne, wawili mbele na wawili nyuma. Mvua ilikuwa inapiga kiasi kwamba tulizungumza kwa kupiga kelele. Walipofika kwenye korido ya minyaa, wakakwama.

Ingobyi yenye mtu haiwezi kulazwa ubavu. Watu wawili waliosimama bega kwa bega, na mgonjwa kati yao, ni wapana kuliko beseni na viwiko viwili. Tulikuwa tumepima njia kwa mtu anayetembea. Hatukuipima kwa mtu anayebebwa. Walijaribu kurudi, wakajaribu kuingia upande upande, na mama akapiga ukelele ambao sitaueleza. Kwenye korongo maji yalikuwa yananguruma. Mzee Bukuru alinipa mimi mpini wake wa ingobyi niubebe kwa mabega yote mawili pamoja na Bibi Mwamini, akachomoa panga, akaanza kukata minyaa yake.

Kila mtu wa pwani ile ya ziwa anajua kwamba minyaa haikatwi hivyo. Inakatwa mtu akiwa ameangalia pembeni, wakati wa kiangazi, kwa panga refu, kwa sababu utomvu wake mweupe unaunguza jicho. Yeye aliikata akiwa ameielekea, mbele yetu hatua moja moja, na utomvu ukaruka pamoja na mvua. Nilimwona akijipangusa mara ya kwanza kwa mkono. Mara ya pili hakujipangusa. Bibi Mwamini alimpigia kelele, "Bukuru, jicho! Osha jicho!" Akajibu, "Mwanamke apite kwanza." Alikata upande mzima, toka mwanzo wa ua wake mpaka mwisho, miti iliyokuwa sawasawa kama askari, ikalala kwenye matope, nasi tukapita juu yake. Mama alifika kituo cha afya. Dada yangu alizaliwa jioni ile ile, na ingawa sisi ni Wakristo tulimwita Mwamini, na hakuna padri aliyeuliza.

Jicho la kushoto la Mzee Bukuru lilivimba, likafunga, na lilipofunguka lilikuwa jeupe kama maziwa. Halikurudi. Mama alimpelekea kuku. Alimrudisha kuku. Akasema, "Njia hailipwi kwa kuku." Hakuzungumzia jicho lile tena, wala hakupanda minyaa upya upande ule. Nilipoendelea kufagia siku za Jumamosi, alikuwa akigeuza kichwa chote ili anionyeshe jani.

Miaka ilipita, na niyaseme kwa ufupi yale ambayo kwa kawaida huyasema kwa urefu. Baba alifariki Kabonga. Nilibeba mchanga wa mto ili nilipe vitabu. Kifaransa kilikuja, kwa fimbo na kwa kiburi. Nilikuwa wa pili katika shule ya ufundi, na aliyekuwa wa kwanza leo anauza simu. Nilijenga Bujumbura, nikajenga nyumba za wakubwa Kabezi, nikarudi Rumonge na timazi yangu na jina langu. Kinu kilikuwa kimekufa, na mwenyewe akauza shamba vipande vipande. Nilinunua kipande cha juu ya kiwanja chetu, nikachimba barabara yangu mwenyewe mpaka kwenye lami, pana ya lori. Ghorofa nikaipitisha pale. Siku tuliyomimina zege la juu nilimwona Mzee Bukuru chini, uani kwake, akiwa amegeuza kichwa chote ili aone kwa jicho lake moja. Nilimpungia mkono kutoka juu. Kisha nikajenga ukuta.

Ni ukuta mzuri. Msingi wake ni wa mawe, tofali zake zilichomwa vizuri, juu yake kuna vipande vya chupa, na haujapinda popote. Ulizunguka kiwanja pande nne. Upande wa chini ulipita mahali pale pale ambapo korido ya Bukuru ilikuwa inatokea, nami niliufunga bila kuacha hata tundu la panya, kwa sababu sikuwa nahitaji tena kushuka. Njia nilikuwa nayo. Wengine nao wakajenga kuta zao, kwa kuwa ukuta ni kama kikohozi, ukianza kwa mmoja unapita kwa wote. Leo mtaa wetu una mageti ya chuma na mbwa. Jirani yangu wa juu namjua kwa honi ya gari lake, na siku hizi hata honi siisikii, kwani mafuta hakuna na magari yetu yamelala. Langu limelala mwaka sasa chini ya turubai. Barabara niliyoichimba kwa ajili yake naipanda kwa miguu, na mkoba begani, nikiwa na uchovu ambao haumhusu mtu yeyote, maana hakuna mlango ulio wazi wa kumwambia mtu amahoro. Taka za plastiki zinaziba mitaro. Kuna baa inayopiga muziki. Kikohozi cha mtu hakipiti kwenye tofali.

Kisha ziwa likaanza kupanda. Wakazi wa pwani yote wanajua, hakuna haja ya kusimulia. Lilichukua kwanza mahali pa kuanika ndagala, kisha bomba, kisha mtaa wa ziwani wote, ukawa maji yenye paa za mabati juu yake. Ua wa Baba Asukulu ulizama mpaka kwenye madirisha, akahamia kwa Bibi Mwamini, yeye na mke wake na nyavu zao. Kwa Bibi maji yalifika kwenye banda la bata. Nyua zile zilizokuwa mlango wetu zikawa chupa, na kizibo chake kilikuwa ukuta wangu. Walianza kutoka kwa kupitia korongoni, wazee wale, wakishikana mikono juu ya mawe, na mvua ikinyesha walibaki ndani. Niliwaona. Dirisha langu la juu linaona kila kitu, nililiweka pale kwa ajili hiyo. Na sikufanya kitu, si kwa sababu nilisahau desturi, bali kwa sababu niliikumbuka nusu. Nilisema: waje waombe, kama mama alivyoomba. Nilikuwa nimeshaandaa jibu. Nilitaka Mzee Bukuru asimame getini kwangu, ageuze kichwa chote, aombe, nami ningesema ndiyo kwa moyo mweupe kabisa. Nilimngoja mwezi wa kwanza na wa pili. Aliye juu mngoje chini, wahenga walisema, lakini mimi nilikuwa juu nikimngoja aliye chini apande. Naye hakuja, kwa kuwa mtu aliyekuazima njia haji kuidai. Hilo nililijua tangu nina miaka kumi.

Mama yangu anaishi nami, chumba cha chini, miguu haipendi ngazi. Jumamosi moja asubuhi, mvua ikiwa imekatika kidogo, nilisikia bomba la uani likimwaga maji kwa muda mrefu, nikateremka kumgombeza anayepoteza maji. Nilimkuta mama amejitwika beseni. Limejaa mpaka ukingoni. Alikuwa ameanzia getini, anaelekea ndani polepole, viwiko nje, anavuka uwanja nilioutandaza vigae, na maji yanadondoka kushoto na kulia. Nilimwambia, "Mama, utaanguka. Lete hilo." Aliupita mlango wangu wa mbele, akalipita gari chini ya turubai, akaenda mpaka ukutani na kusimama, uso wake ukiwa karibu kugusa tofali. Akabaki pale, beseni kichwani, kama mtu anayesubiri kufunguliwa.

"Mama, kuna nini huko?"

"Kuna njia," akasema. "Nimechoka. Fungua."

Nilijua kuhesabu vitu vingi asubuhi ile, kwa mfano gharama ya kila tofali, lakini nilikwenda stoo nikachukua nyundo kubwa na tindo. Nilichora kwa chaki pale matone yalipofikia, mstari huku na mstari huku, kama nilivyoona ikifanywa. Nikapiga. Nimesema ukuta ulikuwa mzuri. Ulinisumbua saa nzima. Tofali la kwanza lilipoangukia upande wa pili, nilisikia bata. Kisha sauti ya Baba Asukulu, "Nani anabomoa? Ni mwizi ama ni mwenyewe?" Na mke wake, "Mwizi hafanyi kelele hivyo. Ni mwenye diploma."

Nilipolifikisha pengo chini, walikuwa wamesimama wote upande wa pili, juu ya matofali niliyoyaangusha. Nina maneno mengi, watu wote wa Rumonge wanajua, lakini niliyoyapata yalikuwa, "Piteni." Baba Asukulu alipita wa kwanza na wavu mmoja mabegani, akauonyesha nyumba yangu kwa adabu kama anavyotambulishwa mkwe. Mke wake akafuata na karai la ndagala. Bibi Mwamini alipita akishikilia mkono wangu, mwepesi kama kuku, na bata wake wanne waliobaki nyuma yake kwa mstari, juu ya vigae vyangu. Alimtazama mama aliyekuwa bado na beseni kichwani, akamwambia, "Safari hii umetanua viwiko vizuri, mwanangu." Mama akacheka, na maji yakammwagikia usoni, na hapo ndipo alipokubali kulitua.

Mzee Bukuru alibaki upande wa pili. Alisimama katika lile pengo, mkavu zaidi, bado mrefu, panga kiunoni. Aligeuza kichwa akalikagua upande wa kulia, akakigeuza tena akalikagua upande wa kushoto. Alinyoosha viwiko vyake, akapima.

"Na ingobyi je?" akaniuliza.

Niliokota nyundo. Nilifuta chaki kwa kiganja na kuchora mstari mpya, hatua mbili zaidi, nikapiga tena, nikakuta nondo niliyoiweka mwenyewe kwa kiburi kikubwa, nikaikata kwa msumeno. Hakuna aliyeondoka. Walikaa kwenye ngazi zangu za zege wakinitazama, na Mzee Bukuru alisimama pale pale, akinionyesha kwa kidole. "Hapo. Umeacha tofali." Jua lilikuwa limefika utosini nilipomaliza. Wabebaji wawili bega kwa bega, na mtu kati yao, wangepita bila kugusa.

Ndipo alipopita, polepole, mikono ameinyoosha, hakugusa huku wala huku. Alisimama katikati ya uwanja, akainua uso kuitazama ghorofa, toka msingi mpaka paa, muda mrefu, kwa jicho moja.

"Ee," akasema. "Uliipitisha."

Kisha akatazama chini, kwenye vumbi la tofali na matope ya miguu yao yaliyotapakaa kwenye vigae, akamuuliza mama ufagio tunauweka wapi, kwa sababu ilikuwa Jumamosi.